Viti Vilivyotazama Ukuta

Kwa miezi minne Mama Pua alikuwa akiwadanganya watu anaowapenda, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kazi hiyo alikuwa akiifanya vizuri.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa kwenye kiwanda cha chai, ambako kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe akinusa, akivuta funda kwa kelele, akitema kwenye ndoo, kisha akitoa hukumu: hii imekaushwa kwa pupa, hii imelazwa karibu na magunia ya vitunguu, hii mpelekeeni adui yenu. Watu walisema akinusa kikombe anaweza kukwambia kama mchumaji aliamka na hasira siku ile. Hapo watu walitia chumvi, lakini ya vitunguu ni kweli kabisa.

Alipostaafu, binti wa kaka yake alimjia nyumbani na keki mkononi na ombi mdomoni. Binti huyu Mama Pua alimlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita, na sasa alikuwa mpishi wa bia, basi kila mtu akamwita Mpishi. Alikuwa na kiwanda kidogo ndani ya iliyokuwa gereji ya malori: matangi manne yanayong'aa, mipira ya maji iliyojikunja sakafuni, kreti za chupa mpaka karibu na dari, na shimo la zamani la kubadilishia mafuta, lililofunikwa kwa mbao zilizolegea, ambalo kila mgeni alionywa asilikanyage na kila mgeni alilikanyaga. Mpishi alisema mashine anazo, ngano anayo, wateja wameanza kuja. Alichokosa ni pua.

Basi Mama Pua akapata kiti kiwandani, na neno lake likapata nafasi kwenye lebo. Kila chupa iliyotoka pale ilikuwa na mstari mdogo chini: "Mama Pua anasema," kisha maneno yake mwenyewe. Wateja waliyasoma kwa sauti mezani. Alipowasikia alijifanya hajasikia, na siku nzima akatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Waonjaji walikuwa watatu. Wa kwanza Mama Pua, wa pili Mpishi, na wa tatu fundi wa mitambo, mwanamume mpole wa makamo aliyeitwa Spana kwa sababu hata harusini alikwenda nayo mfukoni. Uonjaji ulikuwa na sheria, zote za Mpishi. Ulifanyika saa nne asubuhi, ulimi ukiwa umeshaamka na haujachoka. Bia ilimiminwa kwenye vikombe vya bati vyenye mdomo mwembamba, ili rangi isimdanganye mtu. Viti vitatu vilipangwa mgongo kwa mgongo, kila kimoja kikitazama ukuta wake, na hakuna kusema wala kugeuka mpaka kila mtu ameandika neno lake kwenye kikaratasi. Mtu akichungulia dirishani angedhani ni wanafunzi watatu watu wazima wamepewa adhabu.

Sheria ya migongo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa uso wa Mpishi. Uso ule haukuwa na kufuli. Utotoni aliiba matunda kila yalikoota, na kila mara aliapa kwa viapo vizito kwamba hajala kitu, na kila mara shangazi yake alijua si tu kwamba amekula bali pia amekula nini, maana ladha ilimkaa usoni hata baada ya kumeza. Limao lilimfumba macho yote mawili. Embe bichi lilimtoa ulimi nje. Pasheni za kwenye ua wa jirani zilimfumba jicho moja tu, la kushoto, na bega la upande huo likapanda mpaka sikioni. Ukubwani hakubadilika. Katika uonjaji wa kwanza kabisa wa kiwanda, Mama Pua alikuwa ameshasoma hukumu yote usoni mwa mwenye bia kabla hajainua kikombe chake. Mpishi akaona hapo hakuna haki, akainuka akageuza viti.

Kisha yakaja mafua. Hayakuwa mafua ya kutisha, ni yale ya wiki moja, ya kamasi na supu. Lakini yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote za dunia. Mama Pua aliamka akanusa kahawa, kimya. Akanusa sabuni, kimya. Akanusa kitambaa cha kudekia, kimya, na hapo akashukuru kidogo. Daktari alimwambia pua inaweza kurudi na inaweza isirudi, hakuna ajuaye, ni kama mgeni aliyesema nakuja sasa hivi. Utamu ulikuwepo bado, na uchungu, lakini kwa mbali, kama mazungumzo ya chumba cha pili. Bia zote kwake zikawa kitu kimoja: maji machungu yenye povu.

Siku moja aliunguza wali akiwa amekaa palepale jikoni, kiti kimeegemea jiko. Mpishi aliingia akikohoa, moshi umetanda kama ukungu. Mama Pua akasema anafukuza mbu.

Angesema ukweli? Alijiuliza hilo kila asubuhi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliwapigia wenzake maisha yake yote, na sasa aligundua kwamba methali ni tamu ukimpigia mwingine. Mama Pua bila pua ni Mama nani? Angekuwa shangazi anayeletwa kiwandani Jumamosi, akawekewa mto, akaulizwa kama anasikia baridi. Alikipenda kile kiti kinachotazama ukuta kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ikambidi apate riziki kwa masikio. Pale ukutani, mgongo kwa mgongo, hakuna anayeona lakini kila kitu kinasikika. Spana akipenda bia hushusha pumzi ndefu, akajiegemeza nyuma, na kiti chake kikalia kwii. Asipoipenda hukohoa kikohozi kikavu, na funguo zake zikagongana kiunoni. Mpishi akiwa na wasiwasi na bia yake hugonga sakafu kwa kisigino, taratibu, kama anayehesabu. Mama Pua alisikiliza kwii na visigino, akatoa "Mh" moja nzito ya mtu anayefikiri, akaandika. Viungo vya maneno alivitoa stoo: akiona gunia la maganda ya machungwa, aliandika "maganda ya chungwa kwa mbali". Kwa njia hiyo alipitisha bia tatu, ya tangawizi, ya asali na ya kahawa, na wateja wakazidi kusema yule mama hana mfano.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini yeye zake zilikuwa zimeshapita mia na ishirini. Alianza kudhani labda hesabu hiyo haimhusu.

Hapo ndipo Mpishi alipopika bia chachu.

Aliipika kwa ngano, akaichachusha kwa vijidudu vilevile vinavyogandisha maziwa, kisha akaimwagia tunda. Tunda gani, hakusema. Matunda aliyaleta mwenyewe Jumapili, kiwanda kimefungwa, akayakamua mwenyewe, akaosha mwenyewe. Sababu ilikuwa mteja mmoja aliyemwambia pale kaunta, bila hata kushusha sauti, kwamba matunda ya bia zake yako kwenye lebo tu. Neno hilo lilimkaa Mpishi kooni wiki sita nzima. Jana yake ya kuonja aliwaita shangazi na Spana mbele ya tangi, akaweka mkono kwenye bomba la chini, lile la kumwagia.

"Kesho hamtaambiwa kitu," alisema. "Shangazi akilitaja tunda, tunatia chupani. Asipolitaja, basi tunda halimo, na mimi naifungulia yote. Lita mia sita, chini."

"Sawa, mwanangu," alijibu Mama Pua, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga zile mbao zilizolegea.

Sasa si kiti chake peke yake kilichokuwa hatarini. Akikosea tu neno moja, kazi ya wiki sita ya mtoto huyu itateremka kwenye mfereji, na pengine ni bia nzuri, na kosa litakuwa lake. Mtu mwenye hekima angesema ukweli palepale. Mama Pua alikwenda kupekua pipa la takataka.

Alipekua maganda ya mayai, vizibo, makaratasi, mfuko wa kitu laini ambacho kwa mara ya kwanza alifurahi kwamba hawezi kukinusa. Spana alimkuta kichwa kimezama humo mpaka mabegani. Mama Pua akasema amepoteza hereni. Spana, kwa moyo wake ule, alikunja mikono ya shati na kumsaidia kutafuta kwa robo saa, hakuuliza kwa nini shangazi ana hereni zote mbili masikioni, na mwishowe akapata spana namba kumi na tatu iliyokuwa imepotea tangu mwaka jana. Aliondoka akipiga mluzi.

Mama Pua alikuwa karibu kukata tamaa alipomwona Mpishi akifunga lango. Vidole vyake! Kuanzia kwenye kucha mpaka katikati ya viganja vilikuwa na madoa ya rangi ya wino, ile rangi ambayo hata mtoto anajua inatoka wapi. Forosadi. Ni tunda gani lingine linalomsaliti mwizi wake hivyo? Alirudi nyumbani amechangamka, akakaa mezani jioni ile, akaandika kikaratasi chake mapema kabisa kwa mwandiko mzuri: "Forosadi zilizoiva juani, na uchachu wenye heshima." Akakisoma mara mbili. Akakiona kizuri. Akakitia kwenye mkono wa sweta.

Asubuhi yake, saa nne, alikaa kwenye kiti chake kwa utulivu wa mwanafunzi aliyeiona karatasi ya mtihani. Mpishi alikuja na vikombe vya bati, hakulala vizuri, ilionekana. Alipomkabidhi shangazi kikombe alificha vidole.

"Usitazame mikono yangu," alisema. "Ile dawa ya kuoshea matangi imenipasua ngozi. Nimepaka dawa ya vidonda ya duka la dawa, ile inayotia rangi, sasa haitoki hata kwa msasa."

Mama Pua alisema pole. Kisha akageukia ukuta, kwa sababu sheria ni sheria, na pia kwa sababu hakutaka mtu yeyote auone uso wake wakati ule.

Forosadi zikamfia mkononi mwa sweta. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na ukuta ule wa kijivu, wenye alama ya zamani ya tairi, haukuwa na la kumshauri. Yakabaki masikio. Haya, aliyaambia, leo ndiyo leo.

Nyuma yake Spana alikunywa. Zikaja sauti zote kwa pamoja: hewa ikavutwa kwenye meno, fsss, kiti kikalia kwii, funguo zikagongana, kikohozi, kwii tena, na kitu kipya kabisa kama mtu anayepiga busu hewani. Hiyo ni nzuri au mbaya? Kisha Mpishi akanywa. Kisigino kikagonga, kikaacha, kikagonga mara mbili haraka, kikaacha. Mama Pua alisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Ilikuwa ni kama kusoma barua iliyonyeshewa mvua. Kumbe uchachu humfanya kila mtu apige kelele moja, awe amependa au amechukia.

Hakukuwa na njia nyingine ila kufanya lile ambalo hakulifanya kwa moyo tangu mafua. Akainua kikombe, akanywa funda zima.

Kwanza halikutokea jambo. Kisha jambo likatokea kwenye pembe za taya, chini ya masikio, mahali ambapo alikuwa amesahau kwamba anapo. Pakabanwa. Mate yakafurika pande zote mbili kwa ghafla, ulimi ukajikunja, gesi ikamchomachoma kwenye kaakaa, mashavu yakavutwa ndani kana kwamba kuna mtu ameyafunga kamba, na jicho likamtoka chozi. Chachu! Si kwa mbali, si chumba cha pili. Ilikuwa humuhumu mdomoni, imekaa, imevua viatu. Miezi minne ya maji machungu, na sasa hii. Alikunywa tena ili kuhakikisha, ikambana tena, kali zaidi, na nyuma ya ukali kukawa na utamu mdogo ukikimbia kuufuata. Harufu hakuipata hata chembe. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima, uko hai, unapiga mateke.

Mama Pua akacheka.

Alijaribu kukibana kicheko, kikatokea puani, ile pua isiyofanya kazi. Akafunika mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Akanywa tena, na kicheko kikaja na kwikwi juu yake. Ukutani mbele yake alama ya tairi ilionekana kitu cha kuchekesha kuliko vyote alivyowahi kuona. Nyuma, kiti cha Spana kikaanza kulia kwii-kwii-kwii, na Spana, ambaye hakujua anacheka nini, akaangua kicheko cha kishindo mpaka funguo zikaimba. Watu wazima wawili walikaa wakizitazama kuta zao, migongo imenyooka kwa mujibu wa sheria, wakicheka mpaka mbavu zikauma.

Mpishi peke yake hakucheka. Alisikika akiweka kikombe chake chini polepole.

"Ni mbaya kiasi hicho, shangazi?"

Sauti hiyo Mama Pua aliijua tangu ikiwa ya mtoto wa miaka sita aliyesimama mlangoni na begi. Akaivunja sheria, akageuka. Alikuwa bado ana kwikwi, machozi yanamtiririka, na aibu ilikuwa imemjaa, lakini furaha ilikuwa imeitangulia kidogo, na hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Mwanangu, sinusi," alisema. "Sinusi kitu. Tangu yale mafua. Wali niliuunguza, mbu hakukuwa na hata mmoja. Nimekudanganya miezi minne, na leo nimekuja na uongo nimeuandika kabisa nyumbani. Nacheka kwa sababu hii bia yako nimeisikia. Nimeisikia mdomoni, mwanangu, imenipiga kofi."

Akatoa kikaratasi cha forosadi kwenye sweta, akampa. Mpishi akakisoma, akatazama vidole vyake vyenye rangi, akamtazama shangazi. Midomo yake ilianza kucheza, haijaamua iende upande gani.

"Na ile ya asali?" aliuliza. "Na ya kahawa? Uliandika ina moshi wa kuni za mbali."

Mama Pua alieleza yote: kwii, kikohozi, funguo, kisigino. Alisema pua yake ilikuwa Spana, basi wamshukuru Spana. Spana alikuwa amegeuka pia, na alikuwa ameushika mdomo kama mtu anayezuia jino lisidondoke.

"Shangazi," alisema mwishowe, "mimi nilikuwa nasikiliza penseli yako."

Ikabidi aeleze naye. Yeye ni mtu wa vyuma, alisema, bia yote anaionja ni bia. Tangu siku ya kwanza aliogopa kuaibika mbele ya mtu wa kiwanda cha chai, kwa hiyo alisubiri ile "Mh", kisha penseli. Penseli ikienda kifupi, bia ni nzuri, naye hushusha pumzi na kuegemea. Ikienda kirefu, kuna kasoro, naye hukohoa. Akawaonyesha kikaratasi chake cha leo. Kilikuwa kimeandikwa tayari: "Naungana na shangazi."

"Lakini mimi nilikuwa natoa 'Mh' baada ya kiti chako kulia," alisema Mama Pua.

"Kiti changu kinalia chenyewe. Mguu mmoja umelegea. Nimepanga kuukaza tangu mwaka jana, spana namba kumi na tatu ndiyo ilikuwa imepotea."

Walimtazama. Akakitikisa kiti kwa kidole kimoja ili kuthibitisha, na kiti kikasema kwii, kwa sauti ya bingwa.

"Kwa hiyo bia ya kahawa," alisema Mpishi taratibu, "ilipitishwa na kiti."

Hapo ndipo naye alipopasuka. Alicheka akaenda chini, akakaa sakafuni kati ya mipira ya maji, akishika tumbo, na kila alipojaribu kusema alitoa neno "kiti" tu, na wote wakaanza upya. Alipopata pumzi akakiri lake. Kikaratasi chake yeye hakukijaza hata siku moja kabla ya kusikia "Mh" ya shangazi. Bia ni zake, amezinusa wiki na wiki, amezioga, na mwisho hajui tena kama zina ladha au anajipa moyo. Kile kisigino kilikuwa kinahesabu sekunde mpaka shangazi atakapoguna.

"Sasa nani alikuwa anaonja?" aliuliza Spana.

Mama Pua alikuwa ameegemea tangi, akijifuta uso kwa mkono wa sweta, na alihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Alidhani ukweli ungemvunja, kumbe ulikuwa umembana tu mahali pabaya.

Lakini vicheko navyo huisha. Mpishi aliinuka, akajipangusa, na macho yake yakaenda kwenye lile bomba la chini. Alilisogelea. Hakuligusa, alisimama tu karibu nalo.

"Nilisema asipolitaja," alisema. "Na sasa hakuna wa kulitaja. Mimi nalijua, kwa hiyo ulimi wangu ni shahidi wa uongo. Spana anasikiliza penseli. Wewe hunusi. Nitajuaje kama limo, shangazi? Yule mtu akija tena nitamwambia nini?"

Spana alitazama viatu vyake. Mama Pua alimtazama huyu mtoto aliyesimama kando ya wiki zake sita, vidole vimepasuka na kupakwa rangi, na furaha yote iliyokuwa kifuani mwake ikageuka ikawa hamu moja tu: isimwagwe. Kiti wampe mwingine, lebo waandike watakavyo, lakini isimwagwe.

"Mimina tena," alisema. "Lakini kwanza vigeuze hivi viti. Nimechoka na alama ya tairi."

Wakavigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu ule uonjaji wa mwanzo walikaa wakitazamana, magoti karibu yagusane, na wote watatu wakaona haya kidogo, kama watu waliozoeana kwa simu. Mpishi akamimina. Mama Pua hakunywa. Alikishika kikombe chake mapajani na kumwambia Mpishi anywe yeye, funda kubwa, bila kufikiri.

Mpishi akanywa.

Jicho la kushoto likafumba. Lenyewe tu, la kulia likabaki wazi, limeduwaa. Bega la kushoto likaanza kupanda, taratibu, mpaka likafika sikioni, na likakaa huko. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa na miaka saba, amesimama uani na juisi kidevuni, akiapa kwamba hajaugusa ua wa jirani.

Mama Pua aliomba penseli. Akaandika nyuma ya kile kikaratasi cha forosadi neno moja, akakikunja, akampa Spana, akamwambia anywe kwanza kwa ajili yake mwenyewe, hapa hakuna penseli ya kusikiliza, kisha afungue.

Spana alikunywa akiwa amefumba macho kama anayekunywa dawa. Alitafuna hewa. Alikunja uso, akaukunjua, akanywa tena, na safari hii akaacha kikombe puani kwa muda. Akafungua kikaratasi. Akakisoma, akainua kichwa.

"Pasheni," alisema. "Ilikuwa hapa hapa kwenye ulimi. Nilikuwa nasubiri tu shangazi aseme."

Mpishi alilitazama bomba la chini mara moja, akaligeuzia mgongo. Aliitika kwa kichwa mara nyingi, kisha akamkumbatia shangazi yake pale kwenye kiti, kwa nguvu, mpaka vikombe viwili vikapinduka na bia ikawatiririkia miguuni. Spana alirukia vikombe. Mama Pua alimpigapiga mgongo na kumwambia kwamba anamlowesha.

"Lakini hunusi," Mpishi alisema alipomwachia. "Umejuaje?"

"Uliniapia hujaugusa ule ua," alisema Mama Pua. "Miaka yote ile."

Mpishi alishika shavu lake la kushoto, akaelewa, akaanza kucheka tena. Spana, ambaye hakuelewa, alikuwa ameshapiga goti chini, spana namba kumi na tatu mkononi, anatafuta ule mguu uliolegea. Mama Pua akamkataza. Alisema kile kiti kina uzoefu, kiachwe kama kilivyo.

Kisha akachukua jagi mwenyewe, akakijaza kikombe cha binti wa kaka yake mpaka juu, akakisogeza kwake.

"Kunywa tena," alisema. "Sijamaliza kuonja."